Asubuhi Sale Lilipoingia Studio

Wanangu wa studio, siku mliyoniaga mlinikatia keki, mkanivika kitenge, kisha mkanipa dakika tano za kuzungumza. Dakika tano! Mtu amelipwa mshahara maisha yake yote kwa kuongea, halafu siku ya kumuaga unampa dakika tano? Nilisema asanteni, nikala keki, nikapanda zangu nyumbani Uru, huku mlimani, na maneno yote tumboni. Sasa nayatoa kwa kalamu, na hapa hakuna wa kunikata kwa wimbo.

Mnaniita Mama Mtori. Jina hilo sikubatizwa nalo, nilipewa na wasikilizaji kwa sababu ya kipindi chetu, Mtori wa Asubuhi. Mtu yeyote wa mlimani anajua mtori unavyopikwa: ndizi zinachemshwa na nyama mpaka zilainike, zinapondwa, chumvi inafuata. Kipindi nacho kilikuwa hivyo hivyo. Muziki ndio ndizi, maana ndio mwingi. Mgeni ndiye nyama. Tafakari ndiyo chumvi, na chumvi ikizidi sufuria nzima inamwagwa. Tulikuwa na katekista, tulikuwa na shehe, tulikuwa na mzee mmoja Singasinga mwenye gereji ambaye tafakari zake zote zilianza na injini na kuishia kwa Mungu. Huyo ndiye aliyependwa kuliko wote, kwa sababu alikuwa mfupi wa maneno na hakuna aliyejua leo injini itaharibikia wapi.

Aliyenifundisha kazi ni Nitini, fundi mitambo. Wengine mmemkuta akiwa mzee wa kusinzia kwenye kiti, lakini mimi nilimkuta akiwa moto. Ni Mhindi aliyezaliwa mjini Moshi, baba yake alikuwa na duka la kutengeneza redio karibu na soko, na Nitini akikasirika alikuwa anagomba kwa Kichagga cha Kibosho, tena kile cha ndani kabisa. Siku yangu ya kwanza hewani nilifungua maiki nikapiga kelele, "Habari za asubuhi, Moshi nzimaaa!" Nilijiona nimeweza. Kipindi kilipokwisha akaniita.

"Dada, Moshi nzima haijaamka. Unampigia nani kelele?"

"Wasikilizaji."

"Wasikilizaji siwajui. Wewe ongea na mama mmoja. Yuko jikoni anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, hata akikuchukia hawezi kugusa redio kubadilisha. Huyo ndiye wako. Mhurumie."

Mpaka nastaafu nilikuwa naongea na yule mama. Nilimjua mpaka kanga yake. Ninyi leo mnaongea na "mashabiki", mnaongea na "familia", mnaongea mbio kama mnadaiwa. Punguzeni. Kuna mtu mmoja tu upande wa pili na ana utomvu mikononi.

Makosa je? Nilifanya, tena ya kuchekwa. Mnajua sisi watu wa huku, jambo la kwanza asubuhi ni kutazama juu: mlima umefunguka au umefunikwa? Kwa hiyo nami kila siku nilianza kwa kuwapa wasikilizaji hali ya mlima. Lakini studio yetu haina dirisha, na mimi nilikuwa naingia bado giza. Taratibu nikazoea kusema kwa mdomo tu, "Mlima uko wazi, theluji inang'aa, kilele cha Mawenzi nacho kile kule kimejichomoza." Asubuhi moja ya masika nimeyasema hayo kwa madaha yote, simu ikalia. Mzee wa Bomang'ombe.

"Mama Mtori, shikamoo ya nini, nijibu kwanza. Mlima gani huo uko wazi?"

"Kilimanjaro, baba."

"Kilimanjaro ipi? Mimi hapa hata ng'ombe wangu simwoni, namsikia kengele tu!"

Nitini alicheka mpaka akaondoka kwenye mitambo. Kwa majuma mengi kila nilikopita watu waliniuliza, mama, mlima leo ukoje? Tangu hapo sikuwahi kusema jambo hewani kabla sijatoka nje nikalitazama. Ninyi mna simu inayowaambia mvua itanyesha saa ngapi. Hata hivyo tokeni nje. Simu haina shingo ya kuinua.

Na mkisikia wazee wakililia kadi za salamu, wavumilieni, ila msiwaige. Kadi zilikuwa nzuri, zilifika zimeandikwa majina ya ukoo mzima mpaka mbuzi, lakini zilifika mtu alishahama. Ujumbe wa sauti mnaotumiwa siku hizi ni mtamu zaidi, kwa sababu unasikia jogoo wa mtu, unasikia mtoto wake akilia. Sharti moja: usikilizeni mpaka mwisho kabla ya kuurusha. Baba mmoja wa Kiboriloni alitutumia salamu nzuri kwa mkewe, kisha akasahau kuzima. Tukarusha zote. Moshi ikamsikia akimsalimu mkewe kwa mapenzi, na hapo hapo akamgombeza kuhusu maharage.

Wageni sasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye redio ndivyo ilivyo hasa, maana siku huna mgeni unaumwa. Mgeni akikaa mbele ya maiki anakauka koo, hata awe diwani. Usimuulize anajisikiaje. Muulize amekujaje. Mtu akieleza njia aliyopita, alipanda nini, nani alimkanyaga, sauti inashuka yenyewe, na wakati huo fundi anapima kiwango chake. Mpe maji ya uvuguvugu, si chai ya maziwa, maziwa yanaziba koo. Wazee wa mlimani usiwakatize. Mzee wetu anaanza kwa kukueleza alikozaliwa babu yake, na wewe unaona anapoteza muda, kumbe ndio anafungua lango.

Hayo ndiyo niliyoyajua, na nilidhani yananitosha. Kisha akaja Melkiori.

Ilikuwa Jumatano, miaka michache tu kabla sijastaafu. Mgeni wa siku ile alikuwa bwana shamba wa kuzungumzia parachichi, akapatwa na pancha njiani. Nikatoka mapokezi roho juu, natafuta mtu yeyote mwenye mdomo. Nikamkuta mwanamume wa makamo ameketi wima kwenye benchi, koti la kanisani, kofia magotini, na juu ya kofia ameweka jani la sale limefungwa fundo.

Wenzangu mliotoka mbali, sikilizeni. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Umemkosea mtu, unafunga jani lake fundo, unalituma kwa mjumbe. Jani likifika, maneno yamekwisha. Aliyepelekewa sale hakatai kusamehe. Anaweza kununa, anaweza kudai mbuzi, lakini hakatai. Mimi sijawahi kumwona mtu aliyelikataa, na husemwa anayelikataa hata majirani wanaanza kumkwepa.

"Shikamoo, Mama Mtori," akasema. "Nina shida. Nataka uwe mjumbe wangu."

Akanieleza pale pale kwenye benchi, haraka haraka. Yeye na kaka yake Aloisi wanaishi kihamba kimoja Uru, nyumba zinatazamana. Aloisi alivunjika mguu, akalazwa hospitali ya Mawenzi. Huku nyuma Melkiori akang'oa kahawa yote iliyokuwa kati ya nyumba zao, akapanda parachichi. Ile kahawa aliipanda baba yao kwa mkono wake. Ilikuwa imezeeka, haizai, kila mtu alijua. Lakini Aloisi aliporudi na gongo lake akakuta mashimo na miche ya parachichi, alisimama pale uani, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakumsemesha mdogo wake.

"Na sasa?"

"Jumamosi ninamuoza binti yangu. Baba yetu hayupo. Baba mkubwa ndiye wa kuonja pombe ya mbege kwanza na kumwombea mtoto. Asipokuja, mwanangu atatoka nyumbani kama mtoto asiye na ukoo. Analia kila siku, mama. Anasema mimi nimemuuzia baraka yake kwa parachichi."

"Peleka sale."

"Nimepeleka! Nimetuma mzee wa ukoo, nimetuma shangazi, nimetuma katekista. Mjumbe akikaribia, Aloisi anatoka mlango wa nyuma. Siku hizi anaondoka kabla hakujapambazuka, anashinda kwenye shamba la juu. Anajua likifika mkononi hawezi kukataa, kwa hiyo halifiki mkononi. Lakini redio yake anayo. Anaitundika kwenye tawi, wewe unaongea, yeye analima. Wajumbe wote amewakimbia, wewe hawezi kukukimbia."

Nilimshika mkono nikamvuta ndani, Nitini nyuma ya kioo ananiuliza kwa macho bwana shamba kageuka lini kuwa huyu. Nikamkalisha. Wimbo ukaisha. Nikafungua maiki, nikamkaribisha, nikamwambia baba, sema na kaka yako.

Melkiori akaliweka sale mezani mbele ya maiki. Akaweka mikono magotini. Akanyamaza.

Nikamuuliza tena. Akatikisa kichwa, akanionyesha jani kwa kidevu. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu na lake pia. Yeye amekuja kama anavyokwenda mtu yeyote wa mlimani na sale, jani ndilo linaloongea, mwenye kosa haongezi neno. Na amelileta mahali ambapo hakuna anayeona! Nitini anazungusha mkono hewani, ongea, ongea, ongea! Redio ikinyamaza watu wanafikiri umeme umekatika. Akaanza kupandisha wimbo. Nikampiga jicho ambalo sijampiga mwanadamu mwingine, akaushusha.

Nikasogea kwenye maiki, nikasema polepole, "Mama yangu unayemenya ndizi, mezani kwangu hapa pana sale. Limefungwa fundo. Limeletwa na Melkiori, linakwenda kwa kaka yake Aloisi. Melkiori yupo hapa, amevua kofia, na hasemi kitu." Nami nikanyamaza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Simu zililipuka! Taa zote za simu zikawaka kwa pamoja, Nitini hajui ashike ipi. Wa kwanza mama wa Uru, anapiga kelele, "Aloisi! Kama unasikia pokea, jamani, unatuaibisha!" Wa pili kijana wa mjini, "Samahani Mama Mtori, hilo sale ndio nini, ni la kula?" Akajibiwa na msikilizaji wa tatu kwa ukali hata mimi nikamhurumia. Kisha akaja yule mzee wangu wa Bomang'ombe, sauti yake naijua hata usingizini.

"Mnakosea. Sale halipokelewi kwa sikio. Linapokelewa kwa mkono. Huyo Aloisi hajapewa kitu."

"Lakini ametajiwa, baba! Mjumbe amefika," akasema mwingine.

"Mjumbe gani? Mjumbe ana miguu!"

Mjadala ukachanganya. Wengine wanasema amefungwa na sale, akienda shambani tena amekataa sale hadharani. Wengine wanasema hajafungwa, hewa haina mkono. Melkiori amejiinamia, nikaona jasho linamtoka kwenye koti lile la kanisani. Akaninong'oneza nje ya maiki, "Mama, nimeharibu. Nimemuaibisha mbele ya mlima mzima. Sasa hatakuja kabisa." Nami niliona huenda anasema kweli.

Ndipo akapiga mwanamke mmoja, anahema.

"Mimi ni mke wa Aloisi. Alikuwa shambani, redio iko kwenye tawi kama kawaida. Amesikia. Ameizima redio, ameweka jembe chini, ameshuka barabarani na gongo lake, amepanda bodaboda."

"Anakuja huku?"

"Sijui anakwenda wapi, mama. Hakuniambia. Jicho lake ni baya."

Simu ikakatika. Nitini akanionyesha saa, taarifa ya habari inakaribia. Nikamwambia taarifa isubiri. Akasema mkuu wa kituo atatufukuza. Nikamwambia atufukuze pamoja. Tukapiga muziki, na niwaambieni ukweli, sikumbuki tulipiga wimbo gani. Simu zilikuwa zinatuletea habari kama matokeo ya mpira: amepita njia panda, mimi ni fundi cherehani, nimemwona, amepita kanisani, hakusalimia mtu, yuko mjini, bodaboda imekwama kwenye mataa. Mkuu wa kituo akaingia kunifokea, akasikia simu ile ya mataa, akavuta kiti akakaa.

Mlango ukafunguliwa. Mzee mrefu, viatu vya shamba vimejaa udongo mwekundu, gongo kwapani. Nitini akasimama, "Shikamoo mzee," hakuitikiwa. Maiki ilikuwa wazi. Nilitaka kuizima, nikaiacha.

Melkiori alisimama, akachukua sale kwa mikono miwili, akalinyoosha. Aloisi hakunyoosha mkono. Alilitazama lile jani, akaanza kuongea kwa sauti ndogo kuliko nilivyomtarajia.

"Unadhani nakukimbia kwa sababu nakuchukia?"

Melkiori akalisogeza jani karibu naye.

"Mashimo yale bado yapo kichwani mwangu. Asubuhi nikitoka naona kahawa ya baba, naihesabu, halafu nakumbuka haipo, nakukasirikia. Kila siku. Nikilipokea hilo, Melkiori, basi kahawa ya baba imekwisha kweli. Sina tena pa kuiweka."

Nitini nyuma ya kioo alikuwa amevua hedifoni. Mkuu wa kituo anatazama viatu vyake. Nje, mjini na mlimani kote, watu walikuwa hawasikii chochote isipokuwa wanaume wawili wanaopumua, na baadaye niliambiwa hakuna aliyeondoka kwenye redio yake.

Melkiori hakurudisha mikono.

Aloisi akaegemeza gongo kwenye meza yangu, likatoa mlio kwenye maiki. Akanyoosha mkono wa kulia. Akashika jani, akashika na vidole vya mdogo wake vilivyokuwa juu yake, akavikamata hivyo hivyo pamoja. Nililia, sifichi. Nililia hewani kwa sauti na sikuomba radhi kwa msikilizaji yeyote.

Kisha Aloisi akajipangusa uso kwa kofia yake, akageuka, akamtazama mdogo wake juu mpaka chini.

"Huo ulezi wa mbege ya Jumamosi," akasema, "nani anausimamia?"

"Hakuna, kaka. Tumekuachia wewe."

"Jumatano hii? Bado haujasagwa?" Akachukua gongo lake, tayari ameshaanza kwenda mlangoni. "Twende basi. Mtamwaibisha mtoto."